Pawatila Imelala Uani, Mwenyewe Hasemi

Mungaa hakuna anayeamka asubuhi na kupanda mashine ya kukatia nyasi. Nyasi za huko zina kazi nyingine. Zikichipua Desemba, ng'ombe, mbuzi na punda wanazishughulikia wenyewe, na zilizobaki wanazitafuta tena kiangazi zikiwa zimekauka. Uwanja wa shule ukivamiwa na majani, wanafunzi hutolewa na fyekeo mikononi, na kufikia saa nne kazi imekwisha. Kwa hiyo majuto ya Mmarekani aliyenunua kijitrekta cha kukatia nyasi, akakuta kinashindwa na kilima kidogo nyuma ya nyumba yake, hayana pa kushikia katika kata hii ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Ila majuto ya aliyelipa fedha nzito kwa injini iliyomwangusha, hayo yapo. Yana tairi mbili na mikono miwili mirefu ya kushikia, na huitwa pawatila.

Kwa asiyeifahamu, pawatila ni injini ndogo ya dizeli, ya nguvu za farasi 12 hadi 15 hivi, iliyokaa juu ya ekseli moja. Dereva hutembea nyuma yake akilima, au hukalia kiti kidogo akivuta tela. Ilikulia kwenye majaruba ya mpunga ya Asia: Japani, Thailand, China, India. Huko shamba ni tope. Visu vinavyozunguka hukoroga maji na udongo kwa wepesi, na mashine nzito ingezama. Wepesi ndio sifa yake kuu.

Ipeleke sasa kwenye shamba la alizeti au uwele, Novemba, mvua ikiwa imenyesha mara moja na kukata. Juu udongo ni wa kichanga, chini kuna tabaka lililogandamana tangu Mei. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi ambao ukikauka hupasuka na ukilowa hunata. Trekta halivuti plau kwa nguvu ya injini peke yake. Linavuta kwa uzito unaokandamiza tairi ardhini, na mashine isiyozidi nusu tani haina uzito huo. Tairi zinateleza, visu vinaruka badala ya kuzama, mikono inatetemeka hadi mabega ya dereva yanakufa ganzi, na vumbi linaingia kwenye chujio la hewa. Injini ni nzima, mwenyewe ni mzima, shamba halijalimwa.

Hakuna aliyekula njama dhidi ya wakulima wa Singida. Mwaka 2009 serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilizindua mpango wa Kilimo Kwanza, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akawa mnadi mkubwa wa pawatila. Nia ilikuwa njema: jembe la mkono limewachosha watu, trekta kubwa ni ghali, basi ipatikane zana ya katikati. Halmashauri zikanunua kupitia mipango yao ya maendeleo ya kilimo, vikundi vya wakulima vikachangia sehemu ya bei. Mahali pengine zana hiyo ilifanya kazi hasa. Ukifika Mbarali, kwenye skimu za mpunga za bonde la Usangu, utaiona ikilima, ikivuta mavuno na kupeleka watu mnadani. Aliyeinunua kule hajutii.

Kosa lilikuwa kuipeleka kila mahali kwa pumzi moja, kana kwamba Tanzania nzima ni jaruba. Katika mikoa mikavu ilipata ajira nyingine: kubeba madumu ya maji, matofali, kuni na mchanga. Chombo kilichonunuliwa kulima kikawa bodaboda ya mizigo. Si aibu, maana maji nayo ni shida, na tela la pawatila hubeba madumu mengi kuliko punda. Lakini ukitaka kubeba maji, kuna njia za bei nafuu kuliko kununua mashine ya kulimia mpunga. Malalamiko kwamba nyingine ni dhaifu na haziendani na udongo mgumu yalifika hadi bungeni.

Jambo la kushangaza si kwamba mashine fulani zilishindwa. Mashine hushindwa dunia nzima. La kushangaza ni ukimya uliofuata katika ngazi ya kijiji. Mtu ana pawatila iliyolala uani, kuku wanaatamia juu yake, jirani anakuja kuuliza kama naye anunue, na mwenye mashine anajibu kwamba inafaa tu, isipokuwa inahitaji spea kidogo. Jirani anakwenda kununua. Mwaka unaofuata wanakuwa wawili wenye mashine zinazohitaji spea kidogo.

Sababu za ukimya huo zinaeleweka. Katika nyumba ya Mnyaturu, mwenyeji wa Singida, utajiri hukaa zizini. Tuseme mtu ameuza maksai wake wanne ili apate fedha ya mashine. Maksai hao walikuwa wakilima, walikuwa wakitoa samadi, na kila mmoja akichoka angepelekwa mnadani akarudi kama fedha. Mtu huyo atasimamaje mbele ya wenzake, na mbele ya baba mkwe, aseme amebadilisha jozi mbili za ng'ombe wa kulimia kwa chuma kisicholima? Zaidi ya hapo, bado ana matumaini ya kukiuza. Akikiri kwamba ni kibovu, bei inaanguka siku hiyo hiyo.

Palipokuwa na kikundi mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mashine ya watu ishirini haina mwenyewe. Mwenyekiti anasema katibu anajua, katibu anasema dereva aliharibu, dereva alishahamia mjini. Na kama zana ilikuja kwa mradi wa serikali, kuisema vibaya kunaweza kuchukuliwa kuwa siasa. Ikungi ni wilaya ambayo siasa haihitaji kuchochewa sana.

Basi ukimya huo unafanya kazi ya muuzaji bure. Hapo ndipo hoja ya makala hii ilipo. Tatizo la zana mbovu vijijini haliwezi kumalizwa na mashine bora zaidi pekee, maana hata iliyo bora huwa mbovu ikikosea udongo. Litapungua pale aliyejuta atakapokuwa na mahali pa kusemea, na maneno yake yakawa na nguvu ya kumlazimisha muuzaji kujibu.

Serikali zenyewe, kwa kulinganisha, huwa hazina bahati ya kuficha. Mkoa jirani wa Dodoma una Kongwa, na Kongwa ina kisa ambacho kila waziri wa kilimo angetakiwa kukariri. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga Tanganyika kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana. Wakanunua mabuldoza yaliyotumika, mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikaving'oa mizinga, ikavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kifaru kilichomshinda Mjerumani, walidhani, hakiwezi kushindwa na kichaka cha Wagogo.

Kilishindwa. Mizizi ya vichaka ilikuwa migumu, mibuyu haikung'oka kirahisi, na udongo wa Kongwa kiangazi uligeuka saruji. Mchanga wake mkali ulisaga majembe ya sahani kama msasa. Karakana hazikutosha, spea zilikuwa baharini, na madereva walikuwa wamefundishwa haraka haraka. Kufikia mwishoni mwa 1947 sehemu kubwa ya mashine ilikuwa imesimama. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kupanda ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mradi ulifutwa Januari 1951 na hasara ya takriban pauni milioni 36. Bunge la London lilijadili, magazeti yakacheka, Waziri wa Chakula, John Strachey, akasulubiwa kwa maneno. Walipakodi wa Uingereza walijua kilichotokea kwa sababu palikuwa na mahali pa kuulizia.

Tanzania huru nayo ina ukurasa wake. Mwaka 2010 hivi, kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka India, SUMA JKT, shirika la kibiashara la Jeshi la Kujenga Taifa, ilileta matrekta zaidi ya 1,800 na kuyauza kwa wakulima kwa mkopo. Matrekta yalichukuliwa upesi, marejesho yakaja polepole, na madeni yakabaki kuwa habari ya magazeti kwa miaka. Halafu ikaja kampuni ya Ursus. Kwa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland, Shirika la Maendeleo la Taifa lilipanga kuunganisha matrekta 2,400 ya kampuni hiyo katika eneo la TAMCO, Kibaha. Yaliyofika ni sehemu tu. Wakulima waliotanguliza malipo walianza kulalamika kuhusu ubovu na ukosefu wa spea, malalamiko yakapanda ngazi hadi bungeni. Mwaka 2021 kampuni mama ya Ursus huko Poland ikatangazwa kuwa muflisi. Mkulima aliyebaki na trekta la rangi nzuri na kifaa kilichokatika atamwandikia nani?

Katika visa vyote hivi utaona jambo moja. Hasara ya serikali inaandikwa, inakaguliwa, inatajwa kwa mabilioni. Hasara ya yule wa Mungaa haiandikwi popote. Ni milioni chache tu, lakini kwake ni kila alichokuwa nacho.

Kuna mtu mmoja aliyekataa ukimya huo, naye hakuwa Mtanzania. Wilmot Crozier alikuwa mkulima wa Nebraska, Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alinunua trekta lililoandikwa Ford. Jina hilo lilikuwa la Paul B. Ford, mtu aliyeajiriwa na kampuni moja ya Minneapolis ili jina lake lipakwe kwenye bati. Henry Ford wa magari hakuhusika hata kidogo. Ujanja huo hutajwa kuwa mojawapo ya sababu zilizomfanya Henry, alipoingia sokoni na trekta lake mwaka 1917, aliite Fordson. Crozier alikuta chuma alichonunua hakifanyi kazi. Akajaribu aina nyingine, ikamsumbua pia. Alipopata la tatu, Rumely, likalima kuliko lilivyotangazwa, ndipo alipouliza swali rahisi: kwa nini mkulima anunue mara tatu ili ajue ukweli ambao kiwanda kinaujua tangu mwanzo?

Crozier alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo, akashirikiana na Seneta Charles Warner, na mwaka 1919 Nebraska ikapitisha sheria ya majaribio ya matrekta. Kila aina inayouzwa jimboni ilitakiwa kupimwa kwanza na Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, na matangazo ya kiwanda yalinganishwe na vipimo. Kifungu kingine hakitajwi sana, ingawa ndicho kitamu zaidi: muuzaji alitakiwa kuwa na kituo chenye spea ndani ya jimbo. Trekta la kwanza kumaliza jaribio, mwaka 1920, lilikuwa Waterloo Boy, ambalo kiwanda chake kilikuwa kimeshanunuliwa na Deere. Kampuni zilizokuwa zikiuza maneno matupu zilipotea moja baada ya nyingine. Maabara ya Lincoln ipo hadi leo, na vipimo vya namna hiyo vilikuja kuwa vya kimataifa chini ya OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo.

Hapo ndipo majuto ya kijitrekta cha nyasi yanapopata mantiki yake. Mmarekani anayeona amepunjwa ana sheria ya dhamana ya mwaka 1975. Ana jarida la Consumer Reports, ambalo wachapishaji wake, tangu 1936, hununua bidhaa dukani kwa fedha zao na kuzipima bila kupokea tangazo la kampuni. Na ana majirani wanaolalamika kwa sauti kubwa. Wanakwambia hadharani kwamba mashine fulani ina giaboksi iliyofungwa kiwandani, haina hata pa kumwagia oili, kwamba inafaa uwanja tambarare na itakufa kwenye mteremko. Wanasema mbele ya dunia nzima, bila haya, kuhusu kifaa cha kupunguza majani! Mtu wa Singida, ambaye mashine yake ni chakula cha watoto, anaona haya kusema.

Itadaiwa kwamba sheria zetu zipo. Ni kweli, na si mbaya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliyorithi enzi za Mwingereza, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akamtegemea kwa ujuzi wake, bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Shida ni jinsi watu wanavyonunua. Sheria hiyo ya zamani ina tundu: ukiomba bidhaa kwa jina lake la biashara, ulinzi wa kuifaa kazi yako hauhesabiwi. Na wengi ndivyo wanavyonunua. Mkulima anafika Nzuguni, Dodoma, wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane akiwa ameshakata shauri kwenye basi, anataja jina la mashine aliyoiona kwa mtu, analipa. Hasemi kwamba shamba lake ni mbuga ya Mungaa, ekari nane, mvua moja. Muuzaji haulizi. Wakifikishana mbele ya hakimu, kila mmoja yuko sahihi kwa upande wake, na mwenye hasara ni mmoja.

Nanenane yenyewe ina mchezo usiosemwa. Maonyesho ni Agosti. Kanda ya Kati hukutana Dodoma, mashine zimepangwa chini ya turubai, zimefutwa vumbi, vipando vya pembeni vimemwagiliwa maji na kustawi kama picha. Agosti ndio mwezi ambao udongo wa Singida uko katika ugumu wake, hivyo ungekuwa mwezi mzuri wa kuzijaribu. Lakini mashine haiguswi na udongo. Mteja anapewa kipeperushi, kofia na bei ya ofa inayokwisha jioni.

Hesabu ya mashine katika nchi ya mvua moja ni tofauti na ile ya Mbarali, na muuzaji mwaminifu angeifanya pamoja na mteja. Singida hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili, kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Siku nzuri za kulima na kupanda ni chache, na zikifika kila mtu anataka trekta siku hiyo hiyo. Chukua mfano wa kubuni, tarakimu za kukadiria tu. Tuseme dirisha la kulima ni siku 20, mashine inalima ekari mbili kwa siku, na bei ya kulimiwa ni shilingi 50,000 kwa ekari. Mapato ya msimu ni shilingi milioni mbili kabla ya dizeli, oili, dereva na fundi. Ikikatika kifaa kimoja siku ya tano, na spea ikachukua siku kumi kufika kutoka Dar es Salaam, nusu ya mapato ya mwaka imekwenda. Kwenye skimu ya umwagiliaji, watu hulima kwa zamu, kwa hiyo siku kumi zilizopotea hufidiwa baadaye. Mungaa hazifidiwi hadi Desemba nyingine.

Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi wa huko lingekuwa juu ya spea: iko Singida mjini, Dodoma, au kwenye meli? Nguvu za farasi zije baadaye. Swali la pili, fundi wa karibu anayeijua injini hii ni nani. Wauzaji wanaopenda kusifia dizeli na rangi huhangaika wakiulizwa maswali hayo, na kuhangaika kwao ni jibu tosha.

Hata walioendelea hawajamaliza ugomvi huu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, pamoja na majimbo mawili, iliishtaki Deere ikidai kwamba kampuni hiyo inawabana wakulima kutengeneza mashine zao kupitia mawakala wake tu. Wakulima wa Illinois na Minnesota wana majimbo yaliyokwenda mahakamani kwa niaba yao. Wa Ikungi wana ofisa ugani mwenye pikipiki isiyo na mafuta.

Isieleweke kwamba hapa anatetewa maksai dhidi ya chuma. Maksai ana faida zake, na plau ya ng'ombe imelisha familia nyingi za Wanyaturu, lakini ng'ombe aliyetoka kwenye kiangazi cha njaa hana nguvu Novemba, wakati hasa anapohitajika. Vijana hawataki kumfuata ng'ombe shambani, na hawalaumiwi. Trekta la nguvu za farasi 50 au 70, lenye uzito wa kutosha na jembe la sahani, ni jambo jema kwa alizeti, zao ambalo serikali imelisukuma sana katika Singida, Dodoma na Simiyu tangu 2021 ili kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa nje. Waingereza walikwenda Kongwa kwa njaa hiyo hiyo ya mafuta. Wao walikimbilia mashine kabla ya kuuuliza udongo.

Taasisi ya kuuuliza udongo ipo. CAMARTEC, yenye makao Arusha, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1981, na ndani yake kuna urithi wa TAMTU, kitengo cha zamani kilichokuwa na kazi hasa ya kupima zana za kilimo. Kinachokosekana ni matokeo kufika kijijini kwa lugha ya kawaida, yakitaja mkoa. Kipimo kisemacho mashine inakidhi viwango hakimsaidii mtu wa Mungaa. Anachohitaji ni karatasi moja inayosema: kwenye mbuga kavu ililima kina fulani, ilitumia lita fulani za dizeli kwa ekari, visu vilibadilishwa baada ya muda fulani, spea zake zinapatikana hapa na pale. Karatasi hiyo ikibandikwa kando ya mashine pale Nzuguni, bei ya ofa itapoteza uchawi wake.

Na malipo yagawanywe. Benki, mifuko na halmashauri zinazotoa mikopo ya zana zina uwezo wa kumwambia muuzaji kwamba sehemu ya mwisho ya fedha atapewa baada ya mashine kulima shamba la mteja mwenyewe, katika msimu, mbele ya ofisa ugani na mashahidi wawili wa kijiji. Muuzaji wa zana nzuri hana cha kuogopa. Wa zana mbaya atapinga kwa kusema gharama zitapanda, na zitapanda kweli, kwake.

Kinachobaki ni zile zilizokwishalala. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ulioanzishwa mwaka 1994, umewahi kukopesha si kwa matrekta mapya tu bali hata kwa matengenezo ya yale ya zamani, jambo ambalo wakulima wengi hawalijui kwa kuwa hakuna anayepiga picha ya kukata utepe mbele ya klachi iliyobadilishwa. Kabla ya kuagizwa mashine nyingine hata moja kwa jina la wakulima wa Ikungi, halmashauri yao ingetuma watu kupita kaya kwa kaya, Mungaa na kata jirani, wahesabu pawatila na matrekta yaliyosimama. Wasiulize nani alikosea. Waandike aina ya mashine, mwaka iliponunuliwa, udongo wa shamba, kifaa kilichokufa na muda ambao mwenyewe amekisubiri. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata mwezi Julai, wiki chache kabla watu hawajapanda basi kwenda Nzuguni.